Mstari Uliokuwa Chini ya Gari

Nimefundisha michezo shule ya msingi kwa miaka ishirini na tisa, na katika muda huo nimevunja filimbi nne, goti moja na moyo wa mtoto mmoja. Filimbi zinauzwa dukani. Goti nalipaka dawa kila asubuhi, nalo linanitii likijisikia. Habari ninayotaka kueleza ni ya huyo mtoto.

Alikuwa darasa la tatu, binti wa miguu mirefu, mtoto wa jirani yangu fundi cherehani. Siku ya mashindano ya madarasa alikuwa anaongoza mbio za mita themanini. Alipofika katikati akageuka kutazama nyuma, akamwona mwenzake anamkaribia, akasimama. Hakuanguka wala hakuumia. Alisimama tu, akainama, akajifanya anafunga kamba za viatu, na viatu vyenyewe havikuwa na kamba. Mimi hasira zangu ziko karibu, kila mtu anajua. Nikapaza sauti mbele ya shule nzima, "Huyu mtoto amefungwa breki miguuni." Watu walicheka mpaka mwalimu mkuu akatoa leso. Nami nikacheka, nikajiona mchekeshaji.

Tangu siku hiyo akaitwa Breki. Kila mbio niliyompanga alianza vizuri, akatazama nyuma, akasimama. Alipofika darasa la tano alikuwa hajamaliza hata mbio moja.

Mama yake alinieleza siku aliyokuwa ananipima suruali mpya ya michezo. Nilikuwa nimesimama katikati ya chumba chake cha kazi, mikono juu, kanda ya kupimia imenizunguka kiunoni.

"Mwalimu," akasema, pini zikiwa mdomoni, "lile jina ulilompa mwanangu limefika nyumbani. Mdogo wake hamwiti jingine. Juzi nimejikuta na mimi nasema, Breki, njoo ule."

"Ah, dada, huo ni utani wa watoto tu. Litapita lenyewe."

"Utani wa watoto ulioanzishwa na mtu mzima," akasema. Akaandika kipimo cha kiuno changu kwenye daftari lake, akakunja kanda, akanishukuru kwa kuja.

Suruali ile sikuiona tena. Nikipita kuiulizia naambiwa, kwa upole kabisa, "Uzi wa bluu umekwisha, mwalimu." Miezi minane uzi wa bluu umekwisha mji mzima, na huku wateja wengine wanatoka mlangoni mwake na sare za bluu zimekunjwa vizuri. Nilimwelewa. Niliendelea kuvaa suruali yangu kuukuu yenye kiraka gotini, na kila nilipoinama kile kiraka kilinikumbusha.

*

Mwaka huu mwalimu mkuu akaniita ofisini, akanikaribisha kiti kwanza, nikajua mambo yameharibika. Wazazi wanataka matokeo, akasema. Kipindi cha michezo cha darasa la tano kitageuzwa kuwa marudio ya hesabu. Nikamwuliza kama marudio ya hesabu yanachezwa kwa miguu au kwa kichwa. Hakucheka.

Aliyeniokoa ni mwalimu wa sayansi, binti mdogo, mwaka wake wa pili kazini. Alikuwa amepata kompyuta sita zilizochakaa kutoka ofisi fulani iliyonunua mpya, nne zinafanya kazi, na hakuwa na kipindi cha kuzitumia. Akapendekeza tuunganishe vitu vyote, sayansi, michezo na kompyuta, ndani ya kipindi kimoja, saa moja na nusu, mara mbili kwa wiki. Mwalimu mkuu akatupa muhula mmoja. Mwisho wa muhula angekuja mkaguzi wa elimu aone. Akiridhika, kipindi kinabaki. Asiporidhika, hesabu.

"Mwanangu," nikamwambia tulipotoka, "nakushukuru, lakini mimi kompyuta nikiigusa inazimika."

"Kompyuta tutaifikia baadaye, mama. Tuanze na filimbi yako. Ukitaka darasa zima ligeuke nyuma unafanyaje?"

"Nasema, nyuma geuka."

"Na wakigeuka ovyo ovyo?"

"Naikatakata. Kisigino cha kulia, kidole cha kushoto, moja, mbili, mguu chini."

"Basi mama, umekuwa unaandika programu miaka ishirini na tisa. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kompyuta haina akili, ina utii tu. Unaikatia amri vipande vipande, inafuata."

Maneno hayo nilitembea nayo wiki nzima. Niliyasema saluni, niliyasema kwa muuza mkaa. Nadhani kuna watu walianza kunikwepa.

Mchezo wetu tuliuita Roboti. Fundi cherehani alitushonea vizibao vitatu kwa siku moja tu. Kilichoandikwa MSOMAJI anavaa anayesoma kadi za amri. Cha ROBOTI anavaa anayezitii. Cha MHESABU anavaa anayempima roboti mapigo ya moyo, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, sekunde kumi na tano, kisha zidisha kwa nne. Watoto wenyewe ndio waliandika kadi. Baadaye darasani waliingiza amri zilezile kwenye kompyuta, wakaona kidude chekundu kikitembea kwenye kioo kama wenzao walivyotembea uwanjani, na mapigo ya moyo yakageuka kuwa michoro ya nguzo, fupi kwa aliyepumzika, ndefu kwa aliyekimbia.

Siku ya kwanza kadi ilisema "hatua moja mbele, rudia," na roboti wetu, mvulana mtiifu sana, akaenda kujigonga paji la uso kwenye nguzo ya goli. Hakuna aliyekuwa ameandika habari za nguzo. Ndipo ikazaliwa kadi ya pili: "Kama mbele kuna kizuizi, geuka kulia." Watoto walijifunza haraka kwamba mwenye kosa ni mwandishi wa kadi, roboti hana kosa lolote. Hilo liliwafurahisha kupita kiasi, maana kwa mara ya kwanza shuleni aliyegonga nguzo hakuchekwa.

Kisha wakaanza kuiba. Roboti akikosea, marafiki wanamnong'oneza, "Simama, simama, rudi." Nikakasirika, nikatunga sheria. "Roboti anajua amri za kwenye kadi peke yake," nikasema. "Msimwonee huruma. Hata mimi nikimwita, asinisikie." Nawaomba muikumbuke sheria hiyo, maana mimi mwenyewe niliisahau.

*

Breki alichagua kuwa Mhesabu. Alikuwa hodari. Ana vidole vya baridi na subira, na hesabu ya nne alikuwa anaipiga kichwani kabla kompyuta haijafunguka. Lakini siku moja roboti wa zamu hakuja shule, na kizibao kikamwangukia yeye. Zoezi lilikuwa la kutembea tu, kuzunguka koni nne. Nilimwangalia juu juu tu, mwisho nikajikuta nimekodoa macho. Alitembea mzunguko mzima bila kutazama nyuma hata mara moja.

Nilipomwuliza alinijibu kama mtu anayeeleza jambo dogo. "Hakuna kadi ya kutazama nyuma, mwalimu."

Kuanzia hapo nilitaka kitu kimoja tu, na nilikitaka kwa nguvu kuliko nilivyotaka hata kipindi changu kibaki. Nilitaka kumwona mtoto huyu amemaliza mbio, miguu yake juu ya mstari wa mwisho, kabla mkaguzi hajafika. Kipindi kikifutwa, ataondoka mikononi mwangu akiwa Breki, na atakwenda na jina hilo sekondari na popote atakapokwenda. Mimi ndiye niliyelifunga, nami ndiye niliyepaswa kulifungua. Zilibaki wiki mbili.

Nilijaribu. Nikapanga mazoezi ya roboti wa kukimbia, nikamnyooshea kizibao. "Leo nina mafua, mwalimu." Kipindi kilichofuata kidole cha mguu kilikuwa kinauma. Kilichofuata tena alikuwa na mafua ya kidole, nadhani, sikusikia vizuri. Sikumlazimisha. Ningemlazimisha zamani, na matokeo yake nimeshayaeleza.

Asubuhi ya mkaguzi niliamka mapema, nikaenda uwanjani na kopo la chokaa, nikachora mstari mweupe wa mwisho mbele ya ofisi, mnene, umenyooka kabisa. Programu ya siku hiyo waliitunga watoto wenyewe, kadi tatu tu. Hatua moja mbele, kwa mbio. Kama mbele kuna kizuizi, geuka kulia. Rudia mpaka ukanyage mstari mweupe. Roboti angeanzia mwisho wa uwanja, angekimbia hatua kama tisini, angekanyaga mstari, angepimwa mapigo. Mambo yamekwisha, mkaguzi apewe soda.

Nilikuwa nagawa vizibao aliponijia.

"Mwalimu, leo nivae mimi."

Nikajifanya sishtuki. "Mafua?"

"Yamepona." Akakipitisha kizibao kichwani. "Kadi ya kutazama nyuma haipo, eti?"

"Haipo. Ni tatu tu."

"Basi sawa," akasema, akaenda mwisho wa uwanja akitingisha miguu.

Mkaguzi alichelewa. Alipofika, kila mtu alifanya lililo lake na hakuna aliyeangalia la mwenzake. Mlinzi, ambaye alikuwa ameambiwa ampe mgeni mahali pazuri, aliliongoza gari mpaka kwenye kivuli cha ofisi, kisha akambebea mgeni mkoba na kuliacha geti wazi. Mwalimu wa sayansi alikuwa anawasha kompyuta. Mimi nilikuwa bafuni nasugua doa kwenye kiraka changu. Gari lile jeupe lilisimama pale mbele ya macho yetu sote, kubwa kama nyumba, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza chini yake kuna nini.

*

Mkaguzi alikuwa mwanamume mkavu wa maneno, miwani inaning'inia kwa uzi shingoni. Aliketi, akafungua fomu. Msomaji wetu, msichana tunayemwita Spika kwa sababu sauti yake haihitaji umeme, akasoma kadi tatu. Nikapuliza filimbi.

Alikimbia vizuri. Niseme ukweli, alikimbia vizuri kuliko mtoto yeyote niliyemfundisha mwaka huo, kichwa kimetulia, mikono inakata hewa. Nilikuwa nahesabu hatua moyoni. Sabini. Themanini. Ndipo nikaliona gari, na nikauona mstari wangu unavyotokeza kidogo, kipande cha kiganja kimoja, nyuma ya tairi.

Breki alilifikia gari. Mbele kuna kizuizi. Akageuka kulia, safi kabisa, akaendelea kukimbia. Kulia kulikuwa na geti, na geti lilikuwa wazi.

"Anakwenda wapi?" mkaguzi akauliza.

Hakuna aliyemjibu, kwa sababu darasa zima lilikuwa limeshaondoka. Nikawafuata na goti langu. Ng'ambo ya geti kuna barabara ya vumbi, gari hupita moja kwa saa, na mbele yake ukuta wa ghala. Nilifika nikaona mgongo wake tu. Alikuwa ameukuta ukuta, amegeuka kulia, anakwenda na ukuta wa shule upande wake wa kulia. Nikaita. Nikapuliza filimbi. Nikajikokota mpaka pembeni, alipo fundi viatu na kibanda chake.

"Mtoto wako amekuja mpaka hapa puani, mwalimu," fundi viatu akaniambia, kiatu mkononi. "Kanitazama, kageuka kulia kama askari, kaenda zake. Hata salamu hakutoa."

"Wewe ni kizuizi," nikamwambia, nikihema.

"Mimi?"

Sikuwa na muda wa kumweleza. Nilirudi getini nikiwa nimeielewa hesabu yote, na goti likiwa linanitukana. Kona ya kwanza kuna kibanda cha fundi viatu. Ya pili kuna rundo la matofali. Ya tatu kuna lori bovu ambalo limekaa pale tangu mimi nina meno yote. Ya nne ni ukuta wa kiwanda cha mbao. Kila kona ina kizuizi, kila kizuizi ni kulia. Mtoto angeizunguka shule, mita mia tano na ushee, angepita mbele ya geti na kuanza upya, na mstari mweupe asingeukuta mahali popote duniani.

Alitokea upande wa kiwanda cha mbao. Nikasimama kando ya njia nikapaza sauti, "Simama, mwanangu, inatosha, simama." Akanipita. Midomo yake ilikuwa inatembea, "moja, moja, moja," hatua moja mbele, rudia. Jasho lilikuwa linamtiririka na macho yalikuwa mbele tu. Ndipo nikaikumbuka sheria yangu. Hata mimi nikimwita, asinisikie.

"Huyu mtoto ni kiziwi?" mkaguzi akauliza. Alikuwa amefika getini na fomu yake.

"Ni mtiifu," nikasema.

Mlinzi akajitolea. Akajitanua katikati ya njia, mikono huku na huku, tayari kumdaka akirudi. Watoto wakampigia kelele atoke.

"Ukisimama hapo wewe ni kizuizi," Spika akamweleza. "Atageuka kulia, ataingia getini, aanze kuzunguka na uwanja. Utatuongezea kazi."

Mlinzi akajiangalia mikono, akaishusha.

Kikaanza kikao. Hapo getini, kwenye vumbi, darasa la tano lilikaa kikao kama watu waliozaliwa kwa ajili ya vikao. Mvulana wa miwani, ambaye wenzake humwita Profesa, alitaka waandike kadi mpya, "Simama," waishike juu akipita. Wengine wakakataa. Kadi isiyokuwa kwenye programu tangu mwanzo roboti haitambui. Profesa akasema basi tuifute programu yote. Wakamwuliza ataifutaje na programu inakimbia. Mwalimu wa sayansi aliuma midomo asiwasaidie. Mimi nilikuwa nataka kusema, akanishika mkono.

"Mapigo yake yalikuwa themanini na nane kabla hajaanza," akaninong'oneza, "na mtoto mzima kama huyu mzunguko wa pili anaumudu. Wape dakika moja."

Spika alikuwa kimya, jambo ambalo halijawahi kutokea. Kisha akasema, "Programu haina kosa. Inasema mpaka ukanyage mstari mweupe. Yeye anautafuta mstari. Sisi ndio hatuna mstari."

Wote wakanitazama mimi. Mwenye chokaa ni mimi.

Sijui goti lilikwenda wapi. Nilikimbia mpaka ofisini, mimi ambaye nilikuwa sijakimbia tangu mwaka wa operesheni ya goti, nikalichukua kopo, nikarudi nalo linanimwagikia suruali. Nilisikia watoto wanasema, ameshapita matofali, ameshafika lori. Nikapiga magoti barabarani na kuanza kumwaga. Mstari ulitoka umepinda kama kamba ya kuanikia nguo, mstari mbaya kuliko yote niliyochora maishani, na chokaa ikaisha kabla sijafika ukutani. Nikamalizia kwa kupangusa viganja vyangu chini.

Nilipoinua kichwa alikuwa amegeuka kona ya kiwanda, anakuja moja kwa moja kwangu. Hapo niliogopa. Darasa zima lilikuwa limejipanga pande mbili za njia, kelele zimewatoka, pamoja na mgeni, mlinzi, fundi viatu na kiatu chake. Mbele ya watu namna hiyo ndipo alipokuwa anasimama siku zote. Nikasema moyoni, usitazame nyuma, mama, nyuma hakuna mtu, usitazame.

Hakutazama. Alikuja, hatua moja, moja, moja, na mguu wake wa kulia ukatua katikati ya chokaa. Akasimama.

Vumbi lilimpita likaenda mbele. Alishusha macho akauona mstari chini ya kiatu, akaona na ulivyopinda, akaniona mimi nimepiga magoti pembeni na mikono myeupe. Ndipo akaanza kucheka, na mimi nikaanza kulia, sioni aibu kusema.

*

Mhesabu wa zamu alikuwa amechanganyikiwa kwa furaha, hivyo mkaguzi mwenyewe alivaa miwani yake, akaushika mkono mmoja wa mtoto. Mimi nikaushika wa pili. Sekunde kumi na tano.

"Arobaini na tatu," akasema mkaguzi.

"Arobaini na moja," nikasema.

Tukabishana mpaka mtoto mwenyewe akatuamulia. "Ni arobaini na tatu. Mia moja sabini na mbili kwa dakika. Mwalimu alikuwa analia, amepoteza hesabu."

Mkaguzi akaandika. Kisha akamwuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, "Mwalimu wako alikuita, akakupulizia na filimbi. Kwa nini hukusimama?"

"Hakuna aliyeniandikia kusimama," akasema.

Hakunitazama alipolisema. Alikuwa anajibu swali la programu, hakuwa na jingine. Lakini mimi lilinichoma lilipopaswa kunichoma. Nilijua mtu aliyemwandikia kusimama. Alimwandikia darasa la tatu, mbele ya shule nzima, kwa neno moja, na mtoto akaitii amri hiyo kwa miaka miwili.

Nikamwita kwa jina lake, lile la kwenye daftari la mahudhurio. Lilikuwa halijatoka mdomoni mwangu kwa muda mrefu, likatoka na vumbi. Nikamwambia, na darasa likisikia, na mkaguzi akisikia, "Mimi nilikosea. Lile jina nilikupa kwa hasira na kwa kutaka kuchekesha, na lilikuwa kosa langu mimi niliyeliandika. Nalifuta leo. Unisamehe."

Yeye akapangusa jasho kwa kizibao. "Sawa, mwalimu," akasema. Baada ya kufikiri kidogo akaongeza, "Lakini gari la mgeni liondolewe kwenye mstari."

Mkaguzi alikwenda kuliondoa mwenyewe. Aliporudi alikaa muda mrefu na fomu. Akasema ina kisanduku cha sayansi, kisanduku cha michezo na kisanduku cha kompyuta, na anatakiwa atie alama kimoja. Spika akamshauri atie vyote. Akatia vyote, akaandika chini maneno machache ambayo mwalimu mkuu alitusomea baadaye kwa sauti ya mtu aliyepigwa bao: kipindi kiendelee mwaka mzima, na darasa la sita nao waingizwe. Mwalimu mkuu akaongeza sharti lake kwamba hesabu zisishuke. Nikamwambia akamwulize mtoto wa fundi mara nne ya arobaini na tatu.

Jioni nilipita kwa fundi cherehani kurudisha vizibao. Alikuwa kwenye mashine, anashona, mdogo mtu anacheza na vipande vya nguo chini ya meza.

"Nasikia mwanangu alitoroka shule leo," akasema bila kuinua uso.

"Alikimbia mbio, dada."

Mguu wake ukapunguza mwendo. "Akawa wa ngapi?"

"Alikuwa peke yake."

"Kwa hiyo wa kwanza."

"Na wa mwisho."

Akacheka kidogo puani. Kisha mashine ikanyamaza kabisa, na akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu niingie. Aliangalia mikono yangu, ambayo ilikuwa bado ina weupe kwenye kucha, na suruali iliyochafuka chokaa mpaka kwenye kiraka.

"Lakini alimaliza?"

"Alimaliza."

Akainuka, akafungua kabati, akatoa kitambaa cha bluu kilichokatwa zamani na kukunjwa, pini zimeanza kushika kutu. Akakikung'uta, akakipima kwa macho kiunoni mwangu, akachukua kanda.

"Inua mikono, mwalimu," akasema. "Uzi umepatikana."